Dohani ya Lufingo

Nianze na kosa langu, maana watu wote wa kijiji cha Lufingo wanalijua na kulificha hakuna faida. Gari la Mzee Ambindwile niliharibu mimi. Nililipwa kwa kuliharibu, tena nikaongezewa jogoo.

Naitwa Lutufyo, fundi wa magari, Msasani hapa Tukuyu. Shule niliacha darasa la tano. Ninayoyajua ya injini niliyajua kwa mikono, kwenye malori ya chai, na lori la chai lina sheria moja: likitoa moshi linafanya kazi, lisipotoa moshi limezimika. Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imeingia ya kila namna, makoti, viatu, redio, na sasa magari ya Japani. Mzee Ambindwile alikuwa ametumikia kiwanda cha chai miaka ishirini na mitatu, kazi yake moja tu: kulisha kuni tanuri la kukaushia majani. Kiwanda kilipopunguza watu akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Wenzake walinunua mabati. Mmoja alinunua mashine ya kusaga. Yeye alipanda basi kwenda Mbeya, na siku ya tatu akarudi na gari jekundu la milango miwili, fupi, limelala chini kama bata anayeatamia. Gari la mbio. Lilikuwa la bei nafuu kwa sababu lilikuwa la miaka kumi na kwa sababu hakuna mtu mwingine Mbeya aliyelitaka. Hata hivyo fedha haikutosha, ikabidi amuuze na ng'ombe wake mmoja, jike lenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mkewe, Mama Tupokigwe, alikaa siku mbili bila kusema naye.

"Tata, gari la watu wawili la nini?" nilimuuliza siku ya kwanza alipoliingiza gerejini kwangu. "Una mke, una mwana, una mkwe, una wajukuu. Si ungechukua pikapu?"

"Lutufyo," akasema, "miaka ishirini na mitatu nimekaa mbele ya moto usiokwenda popote. Sasa nataka moto unaokwenda."

Ukijibiwa hivyo, unafungua boneti.

Shida yake ilikuwa moja. Gari halikuwa na nguvu. Mtu aliyemuuzia, anaitwa Fred, alimwapia kwamba Dar es Salaam lilikuwa linaruka. Huku kwetu milimani, kwenye mteremko wa Lufingo, watoto wa shule walikuwa wanalipita kwa miguu, wengine wanarudi nyuma kulipita mara ya pili.

"Linakohoa, fundi."

"Halikohoi, Tata. Lina njaa. Niachie mpaka Jumatano."

Nilifanya mambo matatu. La kwanza, chini ya gari, katikati ya bomba la moshi, kulikuwa na tumbo la chuma. Nikalikata. Ndani mlikuwa na kitu kama masega ya nyuki, cha udongo mgumu, kazi yake kusafisha moshi kabla haujatoka nje. Wajapani wanayajali hayo. Lakini petroli yetu ilikuwa inatiwa madini ya risasi, na risasi inayaua masega. Yale niliyoyakuta yalikuwa yameziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikayatupa. La pili, nikang'oa sailensa, bomba likawa wazi kuanzia injini mpaka mkiani. La tatu ndilo kosa lenyewe. Kwenye kabureta kuna kijitundu kinachopima petroli inayoingia, sisi tunakiita jeti. Nikakipanua kwa ncha ya sindano. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: petroli nyingi, nguvu nyingi.

Na gari lilipanda! Jumatano hiyo tulipanda mteremko wa Lufingo kwa gia ya pili, bomba linanguruma kama mvua ya Aprili kwenye bati, nyuma yetu wingu jeusi limefunika barabara yote. Mzee Ambindwile alikuwa anacheka mpaka machozi. Sasa najua kwamba nguvu zile zilirudi kwa sababu nilizibua bomba. Jeti ilikuwa inaziiba kwa mlango wa nyuma. Siku hiyo sikujua. Niliisifia jeti, nikapokea jogoo.

Watoto wakalipa gari jina siku hiyo hiyo. Wakaliita Dohani.

Miezi miwili Dohani lilikuwa furaha ya mzee, na nisiseme uongo, lilikuwa na faida yake hata nyumbani. Mwanawe, Anosisye, alikuwa ameoa miaka minne iliyopita binti wa Ikuti, anaitwa Ikupa. Sisi Wanyakyusa, hasa wazee wetu, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawaangaliani usoni, hawasemeshani, hawapishani njiani. Mwanamke akijua baba mkwe anakuja, anaingia kando, anageuka mgongo mpaka apite. Makanisani wachungaji wamesema sana juu ya hilo na vijana wengi wameacha. Nyumba ya Ambindwile walikuwa hawajaacha, na Ikupa mwenyewe alikuwa halegezi. Sasa, mzee akiwa anatembea kwa miguu anaweza kukutokea kwenye kona. Lakini Dohani lilisikika tangu darajani, robo saa kabla. Ikupa alikuwa na muda wa kumaliza mstari wake wa chai, kutua tenga, kujifunga khanga upya, ndipo aingie kati ya michai na kugeuka. Mzee naye akifika hapo anaangalia upande wa migomba. Heshima kamili, na hakuna aliyekimbia.

Basi nilikuwa nimelala na sifa zangu, mpaka asubuhi moja ya Jumanne Mama Tupokigwe akaingia gerejini na tenga la chai kichwani. Mzee Ambindwile alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, kama mtu anayepelekwa barazani.

"Wewe Lutufyo," mama akasema, hata salamu hakutoa. "Lete pua yako hapa."

Nikaleta pua. Majani mabichi ya chai yana harufu nzuri, kama nyasi baada ya mvua. Yale yalikuwa yananuka gereji. Yalinuka kama mimi.

Akatoa kitambaa chake cheupe cha kanisani, akafuta jani moja, akanionyesha. Alama nyeusi, kama ya kidole cha fundi.

"Lazaro ameyakataa," akasema. Lazaro ni karani wa kituo cha kununulia chai pale kwao, mtu mwenye pua kuliko mbwa wa mwindaji. "Wiki ya pili hii. Ananiambia, mama, kiwandani wataniuliza kama chai hii mmeichuma au mmeibanika. Mbele ya watu! Na ya majirani wa chini nayo yamekataliwa. Wamekuja jana, watu saba, wamesema gari liondoke au wao wapige kelele serikalini."

"Mama, gari linapita tu," nikajitetea. "Linapita mara moja, mara mbili. Masizi yote haya..."

"Linapita? Mwulize huyu."

Mzee Ambindwile akakohoa. "Huwa nalipasha moto kidogo asubuhi."

"Kidogo kiasi gani, Tata?"

"Saa moja."

"Saa moja!"

"Tanuri huwezi kulipa kazi halijashika moto, fundi. Tulikuwa tunaliwasha alfajiri, majani yanaingia kumekucha. Mimi nalivuta choki, naliacha linashika polepole."

"Huwa unaliegesha wapi?"

"Pale pembeni ya chai. Ndipo penye tambarare."

Nilitaka kucheka, lakini Mama Tupokigwe alikuwa ananiangalia. Mtu yeyote mwingine Rungwe akinunua gari analiwasha na kuondoka. Huyu peke yake, kila asubuhi, alilikalisha ukingoni mwa chai yake mwenyewe, choki imevutwa, akaifukiza saa nzima kama anakausha nyama, tena akiwa amekaa kwenye kigoda anaota jua na kulitazama kwa mapenzi.

"Nimemwita Fred," mama akasema. "Anakuja Jumamosi, atalirudisha Mbeya kwa bei yoyote. Nimemaliza."

Mzee aligeukia barabarani. Aliliangalia gari lake, lililokuwa limesimama nje barabarani, likitoa moshi. Alikuwa ameliacha linaunguruma ili lisipoe. Nimeona watu wakifiwa wakiwa na uso wenye nafuu kuliko ule.

Hapo mama, akiwa anajitwisha tenga lake, akaongeza la mwisho. "Na ajabu yako, Baba Anosisye, ni moja. Miaka ishirini na mitatu ulikuwa unarudi nyumbani unalalamika moshi. Dohani ya kiwanda ikitoa moshi mweusi, msimamizi anawafokea. Leo umekwenda kuununua!"

Mzee Ambindwile aliondoa macho kwenye gari. Kisha akauliza taratibu, kama anajiuliza mwenyewe. "Kwa nini alikuwa anatufokea?"

"Mimi nitajuaje?" mama akasema.

"Mimi najua. Moshi mweusi ni kuni zilizotoka bila kuungua. Unalipa kuni, zinakwenda mawinguni, chai haikauki." Akanigeukia. "Fundi. Moto wa tanuri ukiwa mzuri, juu ya dohani huoni kitu. Hewa inatetemeka tu. Siku hizo ndizo tanuri lilikuwa kali mpaka huwezi kulisogelea. Sasa mbona hili, moshi ukiwa mwingi, wewe unaniambia ndiyo nguvu?"

Ningeweza kumpiga maneno ya kifundi, maana ninayo. Badala yake nikachukua spana, nikaenda nikalizima, nikafungua plagi zote nne, zilipopoa nikaziweka kwenye kiganja chake. Zilikuwa nyeusi, zimevaa masizi laini kama sufuria ya msibani.

"Petroli haiungui yote," nikasema.

"Tanuri lilipofanya hivyo tulikuwa tunafungua mlango wa hewa."

"Huku mlango wa hewa uko wazi wote, Tata. Hewa yenyewe ndiyo nyepesi. Gari hili lilipimiwa petroli ya pwani, na sisi tuko mlimani. Hewa hatuwezi kuongeza."

"Basi punguza kuni," akasema.

Na mimi, fundi niliyefanya kazi miaka ishirini na tano, nilikuwa nimeongeza kuni. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo: Tata, nilikosea, nilipanua pale palipotakiwa kubanwa. Mama Tupokigwe akatua tenga chini ili asikie vizuri.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Na jogoo?"

"Nimeshamla, mama."

"Basi una siku nne," akasema. "Jumamosi Fred akifika, nitafunga kitambaa hiki nyuma ya bomba. Lishuke mpaka darajani, lipande. Likirudi na kitambaa kina masizi, linakwenda Mbeya."

"Na mimi nina langu," akasema mzee, na sauti yake ilikuwa imekaza. "Sitaki unifanyie gari la kupanda kwa gia ya kwanza kama trekta, eti halitoi moshi. Hata mkokoteni hautoi moshi. Lipande kwa gia ya tatu. Lisipopanda, namkabidhi Fred funguo mwenyewe, nisubiri kufa kwangu nimekaa kwenye kigoda."

Jeti ndogo Tukuyu hakuna, na Mbeya waliniambia nisubiri mwezi. Kupanua tundu ni rahisi, kulirudisha ndiyo kazi. Siku mbili nilihangaika. Ya tatu nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufumua, nikatoa uzi wake mmoja, mwembamba kama sharubu ya paka. Nikaupaka masizi ili risasi ya kulehemu isiung'ang'anie, nikaupitisha kwenye tundu la jeti, nikamwaga lehemu kuuzunguka. Ilipopoa nikauvuta, ukatoka. Tundu likabaki na unene wa uzi. Na masizi yale niliyakwangua kwenye plagi za Dohani lenyewe, kwa hiyo yalifanya kazi moja ya maana maishani mwao. Tundu la kwanza lilikuwa dogo mno, gari likawa linakata kama mwenye kwikwi. La pili likakaa.

Nikarudisha na sailensa. Masega sikuyarudisha, hayapo, na hata yangekuwapo petroli ile ingeyaziba tena. Kwa hiyo sisemi gari likawa safi kama Mjapani alivyolitaka. Iko hewa mbaya isiyoonekana, hiyo inatoka bado. Ila masizi yalikwisha. Nikalijaribu Ijumaa jioni kwenye barabara ya Msasani, nikadhani limezimika. Nikakanyaga mafuta, likanitupa nyuma ya kiti.

Jumamosi asubuhi Lufingo palikuwa kama harusini. Majirani saba wenye mashtaka walikuja ishirini. Lazaro karani alikuja, pua mbele. Fred alishuka kwenye basi amevaa miwani ya jua, na mawingu yalikuwa yamegusa migomba.

"Mzee wangu," akamwambia Ambindwile, "usione vibaya. Chombo hiki kitapata mtu wa barabara ya lami, kitafurahi."

"Subiri," mzee akasema.

Mama Tupokigwe alipiga magoti, akafunga kitambaa cheupe kwa waya, umbali wa kiganja kimoja nyuma ya bomba, akakikaza mara mbili. Mzee akaingia, mimi nikakaa kiti cha pembeni. Tukashuka mpaka darajani, tukageuza.

"Tata, usikanyage kwa hasira," nikamwambia. "Kanyaga kama unaongeza gogo moja moja."

"Unanifundisha moto mimi?"

Akaingiza gia. Ya kwanza, ya pili, na mahali ambapo siku zote tulikuwa tunaanza kuomba Mungu akaingiza ya tatu. Gari likapanda. Sijui nieleze vipi. Hakukuwa na kelele. Ulisikia mawe chini ya matairi na maji yanavyokimbia kwenye mtaro. Nikageuka nyuma, barabara ilikuwa wazi, wala wingu, wala nini, migomba yote naiona. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa vidole tu. "Hewa inatetemeka," alikuwa anasema, "hewa inatetemeka tu, ah, fundi, vizuri fijo, vizuri sana!"

Tukafika kwenye ile kona ya juu, penye ukingo wa udongo mkono wa kulia na mtaro mkono wa kushoto. Tukakata kona. Katikati ya barabara alikuwa Ikupa.

Alikuwa ametoka kuchuma kipande cha bondeni, tenga kichwani, na alikuwa anapanda bila wasiwasi wowote, maana masikio yake yalikuwa yanangoja Dohani lingurume darajani, nalo halikunguruma. Mzee akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama hatua mbili nyuma yake, naye akageuka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne, mkwe na baba mkwe wakaangaliana usoni, macho kwa macho, katikati yao kioo tu.

Ikupa alipiga kelele moja akaruka mtaroni. Tenga likapinduka, chai yote ikamwagika juu ya boneti. Mzee akaachia usukani na breki, akavua kofia akajifunika uso nayo. Gari likazimika, likaanza kurudi nyuma kuelekea darajani, na mimi ndiye niliyevuta breki ya mkono, namshukuru Mungu ilikuwa nzima.

"Ameondoka?" mzee akauliza ndani ya kofia.

Nikaona khanga ya Ikupa inapita kati ya michai kwa njia ya mkato, mbio, kuelekea nyumbani. "Ameondoka, Tata."

"Ameniona?"

"Tata, hata mimi ameniona."

Akaishusha kofia, akaliwasha pale pale mlimani, kutoka kusimama, mzigo wa chai kwenye boneti, na liliondoka bila kutetereka. Siku nyingine yoyote ningeshangilia. Tulifika juu. Mama Tupokigwe akafungua kitambaa, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa na vumbi jekundu la barabara upande mmoja. Masizi hakuna. Lazaro akakinusa, akasema, "Hiki nanunua." Watu wakapiga vigelegele.

Mzee hakushuka. Kofia ilikuwa imerudi usoni.

"Ana nini?" Fred akaniuliza. Yeye ni mtu wa Dar es Salaam, mila zetu hazijui. Nikamweleza kilichotokea, na wakati nasema mama alikuwa tayari anakimbilia jikoni kwa Ikupa, na mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Jamani, hilo tu?" Fred akasema. "Si atakuwa anapiga honi kwenye kona?"

Watu wote wakamwangalia kama ametukana kanisani.

"Honi ni kumwita mtu," nikamwambia. "Wewe baba mkwe unaweza kusimama barabarani ukamwita mke wa mwanao, pii, pii, njoo hapa?"

"Sasa si mrudishe lile bomba la kelele?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo mimi pia. Bomba wazi lingeongeza na nguvu kidogo, na sauti ingerudi. Lakini majirani walikuwa wamelisikia neno, wakaanza kunung'unika: miezi miwili watoto wao wachanga hawalali mchana.

Ndipo mzee akashusha kofia. Akashuka garini taratibu, akaondoa majani ya chai kwenye boneti, konzi konzi, akiyaweka kwenye kofia yake ili yasipotee. Alipomaliza akachomoa funguo.

"Fred," akasema. "Chukua."

"Tata!" nikasema. "Limepanda kwa gia ya tatu! Kitambaa ni cheupe!"

"Limepanda. Ndaga, asante mwanangu, umelitengeneza, nimeliona kwa macho yangu. Lakini mkwe wangu hawezi kuishi anaviziwa kwenye njia ya kwake. Amekuja hapa kwa heshima. Nilitaka moto unaokwenda, umekwenda, inatosha."

Fred akanyoosha mkono, na nitamsifia kwa hili, hakuunyoosha kwa haraka.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama Tupokigwe akatoka peke yake. Alikuwa amekaza midomo, na kwanza nilidhani ni hasira, kumbe mwanamke yule alikuwa anazuia kicheko kwa nguvu zake zote. Mkononi alikuwa na kitu amekifunga ndani ya upande wa khanga. Akaja mpaka kwenye gari, akakifungua, akakiweka juu ya boneti. Kikalia.

Ilikuwa kengele ya ng'ombe. Mzee Ambindwile aliitambua kabla yetu. Ilikuwa ya lile jike la baka jeupe aliloliuza kuongezea bei ya gari. Mnunuzi alichukua ng'ombe, kengele ikabaki imetundikwa jikoni, juu ya mafiga ya Ikupa.

"Yeye hasemi na wewe, kwa hiyo nasema mimi," mama akasema kwa sauti ya kutangaza, ili jiko nalo lisikie. "Anasema hivi. Gari hili lilikula ng'ombe wetu. Basi livae kengele yake."

Lazaro akaanza, akafuata Fred, na mwishowe hata majirani saba wa mashtaka walikuwa wameshikana mabega wanacheka. Kengele ya ng'ombe haimwiti mtu. Inasema tu kwamba kitu kinapita, mwenye njia na ajue.

"Anasema na lingine," mama akaendelea. "Anasema nepi za mtoto sasa zinakauka nyeupe. Gari lisiuzwe."

Mzee alirudisha funguo mfukoni. Alitaka kujibu, akafungua mdomo kuelekea jikoni, akakumbuka, akageukia migomba na kuiambia migomba: "Ndaga. Ndaga fijo."

Kengele niliifunga mimi, kwa waya ule ule uliofunga kitambaa, chini ya bampa la mbele, pale panapopigwa na kila jiwe la barabara ya Lufingo. Fred alirudi Mbeya kwa basi, na kabla hajapanda aliniuliza kwa siri bei ya kubana jeti, ana magari matatu yanayofuka. Jumatatu Lazaro alinunua chai yote ya nyumba ile, na mzee akawa anapasha gari moto dakika mbili tu. Nilimpimia kwa saa yangu, na hizo mbili tulibishania wiki nzima.

Baada ya wiki chache nilipanda naye tena kutoka darajani. Gia ya tatu, nyuma hakuna kitu, mbele kengele inalia kama kundi zima linarudi zizini. Watoto walikuwa hawasemi tena Dohani, wanapiga miluzi ya wachungaji wa ng'ombe na kulisindikiza na fimbo. Kwenye ile kona ya juu Ikupa alikuwa ameshaingia kati ya michai, mgongo kwetu, tenga limetua, mikono imetulia. Mzee akaangalia migomba. Mimi sikuwa na mkwe pale, kwa hiyo niliangalia nilikotaka, nikaona mabega ya Ikupa yanatikisika kwa kicheko. Nikageuka kumwambia mzee. Naye alikuwa ameiangalia migomba, anacheka mpaka kofia inamwanguka.

"Angalia barabara, Tata!" nikapiga kelele.

"Barabara inajua tunakuja," akasema, akakanyaga.